Siku 690 au 6,570? Mgomo mmoja wa kiwanda cha chupa na hesabu yake

Kwenye fomu ya takwimu za migomo kuna safu ya siku ambazo hazikufanyiwa kazi, siku moja ikiwa ni ya mfanyakazi mmoja. Mwajiri ameandika siku 690. Chama cha wafanyakazi kimeandika 6,570. Mgomo ni uleule, kiwanda ni kilekile, na fomu waliyojaza ni moja. Karani aliyechoka atajumlisha, atagawa kwa mbili, atapata 3,630 na kufunga faili. Jibu sahihi ni 2,608, na limo ndani ya karatasi ambayo hakuna upande ulioiambatisha: ratiba ya zamu.

Kiwanda hiki ni cha kubuni, kimeundwa ili hesabu ionekane hatua kwa hatua. Kanuni zinazotumika ni za kweli. Msingi wake ni azimio la Mkutano wa 15 wa Kimataifa wa Wanatakwimu wa Kazi, ulioitishwa na Shirika la Kazi Duniani (ILO) mwaka 1993, lililochukua nafasi ya lile la 1926.

Kiwanda na ugomvi wake

Ni kiwanda cha chupa za kioo chenye waajiriwa 640. Idara ya uundaji ina watu 240 katika vikosi vinne vya watu 60. Kila siku vikosi vitatu huingia kwa zamu za saa nane na kimoja hupumzika, siku saba za wiki, hata sikukuu, kwa sababu tanuri la kuyeyushia kioo haliwashwi asubuhi na kuzimwa jioni kama jiko. Kioo kikigandia ndani, tanuri lenyewe huharibika. Idara ya ukaguzi na ufungashaji ina watu 260 katika zamu mbili, ya saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana na ya saa 8 mchana hadi saa 4 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Bohari ina watu 60 na ofisi 80, nao ni Jumatatu hadi Ijumaa. Kwenye ufungashaji wapo pia vibarua 90 walioletwa na wakala, ambao hawamo kwenye orodha ya mishahara ya kiwanda.

Ugomvi ni wa posho ya zamu ya jioni: uundaji wanaipata, ufungashaji hawaipati.

Wiki moja kabla ya mgomo, wafungashaji wanaanza mgomo baridi. Wanakataa saa za ziada, na kila chupa inakaguliwa kwa kufuata mwongozo neno kwa neno. Uzalishaji unashuka vibaya. Kwenye safu ya siku, hata hivyo, inaandikwa sifuri. Kinachopimwa ni muda wa kawaida wa kazi ambao haukufanyiwa kazi, na hapa saa nane zote zimefanyiwa kazi, ila kwa mwendo wa kobe. Azimio la 1993 linauweka mgomo baridi kwenye kundi la hatua nyingine zitokanazo na migogoro ya kazi, kando ya migomo. Uingereza haiuhesabu kabisa.

Siku tisa, moja moja

Jumanne tarehe 27, saa 4 asubuhi, mkanda wa ufungashaji unasimama. Zamu ya asubuhi ina watu 130 kwenye orodha, lakini sita wako likizo au wanaumwa. Hao sita hawakugoma na wala hawakuzuiwa na mgomo. Wangekuwa nyumbani hata kama mkanda ungekuwa unazunguka. Wanatolewa. Wanabaki 124, na kila mmoja ana saa nne zilizobaki hadi saa 8 mchana: saa 496, sawa na siku 62 za saa nane. Zamu ya mchana nayo ina 124 waliotakiwa kazini, na haikuanza kabisa: siku 124. Jumla ya Jumanne ni 186. Fomu nyingi huharibika kwenye mstari huu wa kwanza, kwa sababu mjazaji huona "Jumanne" akaandika siku nzima kwa wote.

Kati ya hao 248, waliogoma ni 230. Kumi na wanane walikuwa tayari kufanya kazi ila mkanda umesimama, wakarudishwa nyumbani. Hawa ndio waliokwamishwa: waajiriwa wa kiwanda kilekile ambao hawakugoma lakini mgomo umewazuia. Wanahesabiwa, na siku zao zinahesabiwa, ila wanaandikwa kwenye safu yao. Asiyewatenganisha atajikuta anasema watu 248 waligoma, na chama kitalinukuu hilo kwa furaha.

Jumatano ufungashaji wote uko nje: 248. Uundaji bado wanafanya kazi, wanapanga chupa sakafuni.

Alhamisi sakafu imejaa. Uongozi unapunguza moto, kioo kinachoendelea kuyeyuka kinamwagwa shimoni kuwa vigae vya kuyeyushwa tena, na kila zamu inabaki na watu 12 wa kulinda tanuri. Kwa zamu tatu, walinzi ni 36 kati ya 180 waliopangwa siku hiyo. Wengine 144 wanaambiwa warudi nyumbani. Jumla ya siku: 248 na 144, yaani 392.

Ijumaa geti linafungwa. Tangazo ukutani linasema mfanyakazi yeyote wa ufungashaji, uundaji au bohari hataingia hadi asaini karatasi ya kuacha madai ya posho. Walinzi wa tanuri peke yao wameachwa. Hapa kisa kinageuka: mwajiri sasa ndiye anayezuia kazi ili madai yaachwe, na hiyo ndiyo maana ya kuwafungia wafanyakazi nje. Uundaji, ambao hadi jana walikuwa waliokwamishwa, leo wamefungiwa moja kwa moja. Bohari wanaingia kwenye hesabu kwa mara ya kwanza, watu 58 baada ya kuwatoa wawili walio likizo. Jumla ni 450. Ofisi inaendelea kama kawaida.

Jumamosi na Jumapili ufungashaji na bohari hawana kazi kwa ratiba yao, hivyo ni sifuri kwao. Uundaji wana kazi: 144 na 144. Jumatatu ni 450. Jumanne ni sikukuu, inabaki 144 ya uundaji. Jumatano 450, na usiku wake makubaliano yanasainiwa.

Kwa mpangilio wa tarehe: 186, 248, 392, 450, 144, 144, 450, 144, 450. Jumla ni 2,608.

Kuna njia ya kuihakiki bila kurudia kujumlisha: kata kwa idara badala ya kwa siku. Ufungashaji ni 186 na siku tano za 248, yaani 1,426. Uundaji ni siku saba za 144, yaani 1,008. Bohari ni siku tatu za 58, yaani 174. Zikijumlishwa ni 2,608. Hesabu ikikataa kukutana, kosa mara nyingi liko kwenye sikukuu au wikendi.

Alhamisi ya kurudi ina mtego wake. Wafanyakazi wamefika saa 12 asubuhi, lakini tanuri linahitaji muda kurudi kwenye joto la kazi na chupa za mwanzo zinakwenda moja kwa moja kwenye vigae. Zamu nzima ya asubuhi ya ufungashaji, watu 124, inakaa bila chupa. Mwajiri anaiongeza kwenye hasara yake, na kwenye vitabu vyake ana haki. Sisi tungeiacha nje ya takwimu. Hatua ya mgomo na ya kufungia nje imekwisha, wafanyakazi wako kazini na wanalipwa. Kukosa chupa ni athari ya mgomo, si mgomo. Vivyo hivyo upande wa pili: wiki mbili baadaye kiwanda kikitumia saa za ziada kufidia mzigo uliolala, siku hizo hazipunguzwi kwenye 2,608. Kwa sababu hiyo azimio la ILO linasema muda "usiofanyiwa kazi" badala ya muda "uliopotea". Lugha ya kupotea huwafanya watu watafute bidhaa ambazo hazikutoka, na safu hii haijui chochote kuhusu bidhaa.

Zile namba mbili zilitoka wapi

Mwajiri alichukua wagomaji 230 akazidisha kwa siku tatu, Jumanne hadi Alhamisi: 690. Kuanzia Ijumaa anadai kiwanda kilifungwa kwa sababu za usalama. Lakini tangazo la getini linataja posho. Nakala yake, au hata picha yake, ina uzito kuliko maelezo yoyote ya baadaye, na afisa kazi anayefika eneo la tukio aihifadhi kabla haijabanduliwa. Kosa la pili la mwajiri ni kuisoma saa 4 asubuhi kama saa 12, na la tatu ni kuwaacha waliokwamishwa: 18 wa ufungashaji na, Alhamisi, 144 wa uundaji.

Chama kilichukua watu 730, yaani waajiriwa wote 640 pamoja na vibarua 90, kikazidisha kwa siku tisa za kalenda: 6,570. Humo kuna ofisi iliyokuwa kazini muda wote, walinzi wa tanuri, wagonjwa, walio likizo, wikendi na sikukuu za watu wasio na kazi siku hizo.

Vibarua 90 ndio sehemu yenye ubishi wa kweli. Walisimama kama wengine, mita chache kutoka mkanda uleule. Lakini waliokwamishwa, kwa maana ya azimio, ni waajiriwa wa kiwanda kinachohusika, na vibarua hawa mwajiri wao ni wakala. Wanaangukia kwenye athari za mbali, pamoja na wafanyakazi wa kiwanda cha vinywaji kilichoishiwa chupa kikawapa watu wake mapumziko ya lazima. Athari za mbali hazijumlishwi. Kama vibarua wenyewe wangegoma, wangekuwa wahusika wa moja kwa moja bila kujali nani anawalipa. Kanuni hii inazidi kubana kadiri kazi za viwandani zinavyohamia kwa mawakala: kiwanda chenye nusu ya watu wake kwa wakala kitaonekana kina mgomo wa nusu. Tungeshauri fomu iwe na mstari wa pembeni wa kuwaandika, nje ya jumla kuu, ili namba isipotee.

Wahusika ni wangapi?

Swali hili linaonekana jepesi kuliko la siku, nalo ndilo linalokosewa na watu wenye uzoefu. Uundaji walikuwa 144 kila siku, lakini si walewale 144. Vikosi vinazunguka. Kila kikosi cha watu 60 kilitoa walinzi wake 12, wakabaki 48, na ndani ya siku saba vikosi vyote vinne vilipitiwa na ratiba. Watu tofauti waliohusika ni 48 mara nne, yaani 192. Kwa hiyo wahusika kwa jumla ni 248 wa ufungashaji, 192 wa uundaji na 58 wa bohari: 498. Idadi ya juu kabisa kwa siku moja ni 450. Zote mbili ni kweli, mradi chapisho liseme ni ipi.

Hatari ni kuchukua 192 na kuzidisha kwa siku saba. Unapata 1,344 badala ya 1,008. Umeongeza siku 336 za watu waliokuwa kwenye mapumziko yao halali. Kwenye hospitali, migodi, bandari na popote penye zamu za mzunguko, siku zisijengwe kwa kuzidisha wahusika na muda. Zijengwe kutoka chini: nani alitakiwa kazini leo, saa ngapi, na hakufanya.

Faili moja, miezi miwili

Mwezi ulikuwa na siku 31, hivyo kisa kimevuka. Siku zinagawanywa zilikoangukia: 1,420 mwezi wa kwanza, 1,188 wa pili. Tukio ni moja, na linaandikwa kama lililoanza mwezi wa kwanza na lililoendelea mwezi wa pili. Atakayejumlisha matukio yaliyokuwa yakiendelea kila mwezi ili kupata ya mwaka atalihesabu mara mbili.

Kugawa mgomo na kufungiwa nje kunawezekana hapa kwa sababu tuna tarehe ya tangazo: siku 826 hadi Alhamisi ni za mgomo, na 1,782 kuanzia Ijumaa ni za kufungiwa nje. Zaidi ya theluthi mbili ya siku zimetokana na hatua ya mwajiri. Ukisoma takwimu za Uingereza au Marekani huwezi kuliona hilo, kwa sababu nchi zote mbili huchanganya mgomo na kufungiwa nje chini ya jina moja la kusimama kwa kazi.

Nchi ikiweka kizingiti

Uingereza haihesabu kusimama kwa kazi kunakohusu watu chini ya 10 au kunakodumu chini ya siku moja, isipokuwa siku zilizopotea zikifika 100. Ujerumani ina kizingiti kinachofanana na hicho, na waajiri wanatakiwa kisheria kuripoti kwa wakala wa ajira wa taifa. Hata hivyo taasisi ya utafiti ya WSI, iliyo karibu na vyama vya wafanyakazi, hutoa makadirio yake yaliyo juu ya yale rasmi. Kisa chetu kinapita vizuri katika nchi zote mbili.

Marekani hakipo. Ofisi ya takwimu za kazi ya huko (BLS) tangu 1982 huhesabu tu kusimama kwa kazi kunakohusu wafanyakazi 1,000 au zaidi kwa angalau zamu moja, Jumatatu hadi Ijumaa, sikukuu za taifa zikitolewa. Kabla ya hapo ilihesabu kuanzia watu sita. Kupunguzwa kwa bajeti ndiko kulikoukata mkia huo. Wahusika wetu 498 hawafiki nusu ya kizingiti. Na hata wangefika, siku 432 za uundaji za Jumamosi, Jumapili na sikukuu zisingeingia.

Kwa kizingiti hicho cha 1,000, mfululizo wa BLS una matukio 470 mwaka 1952, matano mwaka 2009 na 33 mwaka 2023. Kushuka ni kwa kweli. Kimo chake ndicho kisichojulikana. Mradi wa Chuo Kikuu cha Cornell unaofuatilia migomo bila kizingiti cha ukubwa, kupitia habari na mitandao, ulikuta matukio 470 kwa mwaka huo wa 2023. Kulingana kwa namba ni bahati tu, lakini pengo kati ya 33 na 470 si bahati. Upande wa wahusika pengo ni dogo zaidi: BLS 458,900, Cornell takriban 539,000. Yaani kizingiti cha juu kinakula matukio mengi na watu wachache. Anayetaka kujua uzito wa migomo anaweza kuvumilia. Anayetaka kujua ni wapi watu wanagoma, kwa nini na mara ngapi, hana kitu mkononi. Kwa maoni yetu kizingiti, kama hakiepukiki, kiwekwe kwenye siku na si kwenye vichwa. Denmark iliwahi kufanya hivyo kwa kuacha matukio ya chini ya siku 100.

Huko huko Marekani kuna kioja kingine. Mgomaji aliyekuwa nje kipindi chote cha malipo chenye tarehe 12 ya mwezi hahesabiwi kama mwajiriwa kwenye utafiti wa waajiri, maana hakulipwa. Kwenye utafiti wa kaya, mtu huyohuyo ana ajira ila hayupo kazini kwa sababu ya mgogoro. Mgomo mkubwa unaweza kushusha ajira kwenye jedwali moja bila kuigusa kwenye jingine, na mwezi unaofuata ikapanda bila mtu yeyote kuajiriwa.

Kigawanyo

Ili kulinganisha sekta, siku hugawanywa kwa idadi ya waajiriwa na kuzidishwa kwa 1,000. Tuseme sekta ya viwanda ina waajiriwa 84,000: 2,608 zinakuwa siku 31 kwa kila waajiriwa 1,000. Ukitumia 640 wa kiwanda chenyewe unapata 4,075, namba inayofaa kwa kichwa cha habari na isiyofaa kwa kingine chochote. Kigawanyo kifuate mipaka ileile ya siku zinazogawanywa: kama vibarua wa wakala hawamo kwenye siku, wasiwemo kwenye 84,000.

Wiki sita baadaye

Malimbikizo ya posho hayakulipwa kama ilivyokubaliwa. Wafungashaji 248 waliokuwepo, kwa zamu zote mbili, wanasimama saa tatu kila zamu: saa 744, sawa na siku 93. Likiandikwa kama tukio jipya, kwa kanuni ya Uingereza halifiki popote. Ni chini ya siku moja na chini ya siku 100. Lakini azimio la 1993 linahesabu visimamo vya mgogoro mmoja kuwa mgomo mmoja, mradi pengo kati yake lisizidi miezi miwili. Wiki sita zimo ndani.

Kwa hiyo faili la zamani linafunguliwa. Idadi ya matukio inabaki moja, na wahusika wanabaki 498 kwa kuwa hakuna sura mpya. Siku 93 zinaandikwa kwenye mwezi zilikoangukia, upande wa mgomo, na mgawanyo unakuwa 919 kwa 1,782. Tarehe ya mwisho inasogezwa, huku wiki sita za katikati zikiachwa nje ya muda wa mgomo. Kwenye toleo lijalo la jedwali, 2,608 inakuwa 2,701, na pembeni yake inawekwa alama ya namba iliyorekebishwa.